Kutembea kwa mguu pamoja na kiongozi: pwani ya Italia na pwani ya ziwa letu



Somo la mara hii limetoka katika kipindi cha jiografia. Tulikuwa tunasoma juu ya utalii katika nchi za kusini ya Ulaya, zile zenye jua jingi kando ya bahari ya Mediteranea. Mwalimu akatueleza kwamba kuko watu wenye gari, wenye pesa ya kupanda ndege, wanaolipa kampuni ili iwapeleke kutembea kwa mguu siku saba kando ya bahari, kiongozi akiwa mbele. Darasa zima lilicheka. Mmoja akasema, "Waje kwetu! Tutawatembeza bure mpaka viatu viishe." Mwingine akasema, "Mama yangu anatembea kila siku ya soko na mzigo kichwani, na hakuna mtu anamlipa hata franga moja."

Kicheko ni kizuri lakini si jibu. Sisi wa mwaka wa mwisho, tuliopewa kazi ya kuangalia wenzetu, tulikaa tukatafuta: mambo hayo yanafanyika namna gani? Faida yake inaingia katika mfuko wa nani? Na pwani yetu, maana na sisi tuko na pwani, inaweza kupokea watu wa namna hiyo? Tusome pamoja.

VIJIJI VITANO VYA ITALIA

Tuchukue mfano mmoja tu, tuuangalie vizuri. Kaskazini-magharibi ya Italia, katika jimbo la Liguria, kuko mahali panapoitwa Cinque Terre, maana yake Nchi Tano. Ni vijiji vitano vilivyoshikamana na mawe juu ya bahari: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Mlima unashuka karibu moja kwa moja mpaka majini. Watu wa zamani walikata mlima huo ngazi kwa ngazi, wakajenga kuta za mawe bila simenti, wakajaza udongo nyuma ya kuta, wakapanda mizabibu na mizeituni. Kazi hiyo ilichukua mamia ya miaka. Njia za miguu zilipita katikati ya mashamba hayo kutoka kijiji hata kijiji, na watu walibeba zabibu kichwani na mgongoni, sawasawa na mama zetu wanavyobeba mihogo. Reli ilikamilika pale mwaka 1874. Kwa hiyo njia ambayo mgeni analipa leo ili aipite, mwenyeji wa zamani aliipita kwa sababu hakuwa na nyingine.

Mwaka 1997 UNESCO iliandika mahali pale katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 1999 serikali ya Italia ikapafanya hifadhi ya taifa. Njia inayojulikana zaidi, ile ya kando ya bahari kutoka Monterosso mpaka Riomaggiore, ina urefu wa kilomita 12 hivi. Katika sehemu zake nyingine mgeni haingii pasipo kununua kadi, na pesa ya kadi inasaidia kutengeneza njia. Hapo wengine wetu walishangaa tena: kulipa ili kukanyaga udongo! Lakini sisi tunalipa kizuizi barabarani kila siku, na barabara haitengenezwi. Afadhali kadi.

Likizo yenyewe iko hivi. Kampuni inakusanya kundi la watu kama kumi au kumi na watano. Wanalala katika hoteli ndogo. Asubuhi masanduku yao yanapelekwa mbele kwa gari, au yanabaki hotelini. Wao wenyewe wanabeba maji, kofia na chakula cha mchana tu. Wanatembea kilomita kumi, pengine kumi na tano, siyo zaidi. Kiongozi anatangulia, anasimama, anaeleza ukuta huu ulijengwa namna gani, mti huu unaitwaje, kanisa lile lina miaka mingapi. Jioni wanakula samaki. Hawapendi sana kwenda mwezi wa saba na wa nane, maana jua la wakati ule linachoma. Wanapenda mwezi wa nne na wa tano, au wa tisa na wa kumi. Tena wengi wao ni watu wazima wenye mvi. Kwetu mzee mwenye mvi tunamtafutia pikipiki. Kule mzee anatafuta mlima.

Lakini tusifikiri kwamba njia ya namna hiyo inakaa yenyewe. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilianguka, na matope yakashuka yakajaza njia za Vernazza na Monterosso, yakaingia ndani ya nyumba na maduka, na watu wakafa. Kule nako vijana wengi walikuwa wameacha mashamba ya ngazi wakaenda kutafuta kazi mjini, na ukuta usiotengenezwa unaanguka, udongo uliokuwa nyuma yake unafuata. Mwaka uliofuata, 2012, mawe yalianguka juu ya watalii katika kipande kilicho kati ya Riomaggiore na Manarola, wanachokiita Njia ya Mapendo. Kikafungwa. Kilifunguliwa chote tena mwaka 2024, maana yake miaka kumi na miwili kwa kipande cha kilomita moja hivi. Wale kati yetu wanaotoka vilimani, wanaoona kila mvua udongo wa shamba ukishuka mtoni, hawahitaji maelezo marefu.

WALE WALIOTEMBEA BILA KUPENDA

Kitabu cha historia kinatuonyesha kundi lingine lililotembea likiwa na viongozi, nalo lilifika mpaka pwani yetu wenyewe. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipita mwitu wa Ituri akimtafuta Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Equatoria. Alikuwa amechukua Zanzibar wapagazi zaidi ya 600. Sehemu yao ilibaki nyuma. Wengine waliondoka naye Yambuya, kwenye mto Aruwimi, tarehe 28 Juni 1887, wakafika kwenye ukingo ulio juu ya ziwa tarehe 13 Desemba. Miezi mitano na nusu ndani ya mwitu. Njaa na magonjwa viliua wengi.

Kiongozi wao alikuwa nani? Mara nyingi ni mtu wa mahali aliyekamatwa kwa nguvu na kuambiwa aonyeshe njia. Kiongozi wa namna hiyo haonyeshi njia iliyo nzuri. Anaonyesha njia ya kuwatoa wageni kwao upesi. Walipofika ziwani hawakupata mtumbwi, wala mtu wa kuwaamini, wakarudi tena mwituni. Mwezi wa nne 1888 walikuja mara ya pili wakiwa wamebeba mashua yao ya chuma vipande vipande, na tarehe 29 Aprili Stanley akaonana na Emin kando ya ziwa. Mwaka 1889, mwezi wa nne, watu kama 1,500 waliondoka huku kwa mguu, wakaingia Bagamoyo mwezi wa kumi na mbili. Ni safari ya kutoka pwani yetu mpaka pwani ya Waswahili. Kiswahili tunachokiandika katika karatasi hii, kwa sehemu, kilipita katika njia za namna hiyo, vinywani mwa wapagazi.

Kuko wengine walio karibu zaidi. Kuanzia Desemba 2017 na miezi ya kwanza ya 2018, watu wa vijiji vya Djugu walishuka milima mpaka ziwani, na makumi elfu yao wakavuka kwa mitumbwi kwenda Uganda, upande wa Hoima. Mitumbwi ilijaa kupita kiasi na wako waliozama. Kiongozi wao alikuwa mtu yeyote aliyeijua njia usiku. Katika shule yetu wamo waliokuwa watoto wadogo siku zile. Hatuwaombi watuandikie, tunasema tu kwamba miguu iliyotembea siku zile ni miguu ileile, na njia nyingine ni zilezile. Mtalii wa Italia anatembea akijua kwamba nyumba yake iko, imefungwa, na ufunguo uko mfukoni. Basi tusiite kila mwendo wa mguu kwa jina moja.

PWANI YETU

Sasa tuangalie ziwa letu kama mtu anayetaka kulitembelea. Ziwa Albert lina urefu wa kilomita 160 hivi, na upana wa thelathini na kitu. Halina kina kirefu. Hata pale penye kina zaidi halifiki mita 60. Liko mita 620 hivi juu ya bahari, na mji wetu wa Bunia uko juu zaidi ya mita 1,200. Kwa hiyo anayetoka Bunia mpaka Kasenyi anashuka mita 600 karibu zote kwenye ukingo mmoja. Sababu yake tumeisoma: ardhi ilipasuka sehemu mbili, kipande cha katikati kikazama. Ukingo tunaoushuka ni ukuta wa upande wetu. Ule unaoonekana wa buluu ng'ambo, siku ya hewa safi, ni ukuta wa upande wa Uganda.

Majina yake nayo ni somo. Wanyoro wanaliita Mwitanzige, ndilo linaloua nzige. Mwingereza Samuel Baker aliliona tarehe 14 Machi 1864, akalipa jina la mume wa malkia wake, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1973 Rais Mobutu alilipa jina lake mwenyewe, na mwaka 1997 jina lile likaondoka pamoja na mwenyewe. Wavuvi wanasema "ziwani" tu, na samaki wanavuliwa vilevile.

Jua? Liko la kutosha. Hewa ikishuka kutoka milimani inapata joto na kukauka, ndiyo maana uwanda wa Kasenyi una majani mafupi, miti ya miba, na ile miti yenye maziwa inayosimama kama kinara cha taa, wakati juu, Bunia, tunavaa sweta asubuhi. Upepo nao una saa zake. Mchana nchi kavu inapata moto upesi kuliko maji, hewa yake inapanda juu, na ile ya ziwani inakuja kushika nafasi yake. Kwa hiyo mchana upepo unatoka majini na kumpoza anayetembea ufukoni. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda majini. Wavuvi hawakungojea kipindi cha fizikia ili wayajue hayo, nao ndio wanaojua pia namna dhoruba ya usiku inavyokuja ghafula.

Tena si jambo jipya kwamba wageni wafike. Wakati wa Wabelgiji, Kasenyi ilikuwa bandari ya wasafiri. Meli zilitoka Butiaba, ng'ambo ya Uganda. Moja yao iliitwa Robert Coryndon, ya miaka ya 1930. Watu walishuka pale wakaendelea kwa gari ndani ya Kongo. Kisha, kuanzia miaka ya 1961 na 1962, maji ya ziwa yalipanda sana, bandari ya Butiaba ikaharibika, na meli ile ikaishia majini. Mwaka 2020 maji yalipanda tena, yakaingia katika nyumba za watu wa kando. Kwa hiyo anayetaka kujenga nyumba ya wageni ufukoni aulize kwanza wazee maji yalifika wapi.

Njia tunayoifikiria ni ya siku tatu. Siku ya kwanza, Bunia mpaka Bogoro, kilomita 25 hivi, katika vilima vya majani penye ng'ombe. Siku ya pili, kushuka ukingo mpaka Kasenyi. Ndiyo siku kubwa. Ziwa linafunguka mbele yako lote mara moja, na joto linapanda kadiri unavyoshuka, kama mtu anayekaribia jiko. Siku ya tatu, kufuata maji mpaka Tchomia, bila haraka, mahali ambapo samaki wadogo wameanikwa juani na wakubwa wamepasuliwa na kutiwa chumvi. Harufu iko, tusidanganye mgeni. Lakini capitaine aliyetoka majini asubuhi na kupikwa saa sita, hakuna mtu atakayekumbuka harufu.

Wakati wa kwenda? Mvua zetu zinapungua kuanzia Desemba mpaka Februari. Likizo ya Noeli inafaa, likizo kubwa ya mwezi wa saba na wa nane haifai sana.

Hapa wenye kupenda hesabu wachukue kalamu. Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo viongozi wa milima wanaitumia mpaka leo. Kwa vipimo vyetu ni hivi: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mita 600! Kama vile alipimia ukingo wetu. Tuseme njia ina kilomita 20 na inapanda mita 600: saa nne, ongeza moja, ni saa tano. Lakini Naismith alifikiria mtu mwenye nguvu katika nchi ya baridi. Kwa kundi, kwa joto la bondeni, na kwa kusimama kunywa maji, sisi tungeweka saa saba. Na kila mtu abebe lita tatu za maji au nne. Bidon ya njano haifai. Inakata mkono mbele ya kufika.

KAZI YA KIONGOZI

Watu wengi wanafikiri kiongozi ni mtu anayeijua njia. Njia kila mtu anaijua, iko moja. Jaribu kuuliza mtu yeyote barabarani:

"Baba, Kasenyi iko mbali?"

"Hapana, iko hapa tu."

Unatembea saa mbili, unauliza tena mama mmoja.

"Mama, bado iko mbali?"

"Hapana mbali, mwanangu. Iko hapa tu."

Wanakutia moyo, si kwamba wanakudanganya. Lakini kiongozi hana ruhusa ya kusema "hapa tu." Yeye anasema: saa moja na nusu, kuko kivuli kimoja katikati, maji hakuna. Ndiyo kazi yake ya kwanza. Ya pili ni kwenda kwa mwendo wa yule anayechelewa, si wa yule mwenye haraka. Huko Kilimanjaro viongozi wanawaambia wageni "pole pole" tangu chini mpaka juu, na wageni wanadhani ni salamu. Ni dawa, maana anayepanda upesi anaugua kichwa na mapafu. Kule Tanzania, tangu mwaka 1991, mgeni hapandi pasipo kiongozi mwenye kibali, na mzigo wa mpagazi umewekewa mpaka, kilo 20. Tuangalie hesabu hiyo tukikumbuka wapagazi wa Stanley, na tukikumbuka pia gunia la makaa linalopita mbele ya shule yetu kila asubuhi juu ya mgongo wa mtu.

Kazi ya tatu ni nzito. Mwezi wa tano 2018, katika hifadhi ya Virunga, upande wa Kivu ya Kaskazini, watu wenye silaha walisimamisha gari la watalii wawili Waingereza. Mlinzi mmoja wa hifadhi, mwanamke kijana, aliuawa akiwalinda. Waingereza na dereva wao waliachiliwa baadaye, lakini yeye hakurudi. Hifadhi ikafungwa kwa wageni mpaka mwezi wa pili 2019. Kwa hiyo anayesema "nitakuwa kiongozi wa watalii, nitapata dola" ajue kwamba dola hizo zina upande wa nyuma.

PALE BOGORO

Tumefika mahali ambapo somo letu lilisimama, na majadiliano yakachukua jioni mbili.

Njia ya siku ya kwanza inaishia Bogoro. Tarehe 24 Februari 2003, asubuhi na mapema, wapiganaji walishambulia kijiji kile. Askari wa kundi la UPC walikuwa na kambi ndani ya majengo ya shule, na raia waliokimbilia pale wakauawa. Wengine waliuawa katika nyumba zao na katika majani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko La Haye, iliwashitaki watu wawili. Mathieu Ngudjolo aliachiliwa tarehe 18 Desemba 2012, kwa kuwa majaji waliona ushahidi hautoshi. Germain Katanga alionekana ana hatia tarehe 7 Machi 2014, kama aliyesaidia makosa hayo, akapewa miaka 12 ya kifungo. Machi 2017 majaji waliamua kwamba watu 297 walioumizwa wapewe kila mmoja dola 250 kama alama, pamoja na msaada wa wote katika nyumba, masomo, kazi za kuleta pesa, na utunzaji wa mioyo.

Sasa, kiongozi amefika pale na wageni kumi na wawili wenye kofia na kamera. Aseme nini?

Wa kwanza kati yetu alisema: asiseme neno. Mgeni amekuja kupumzika, ameleta pesa, tusimpe huzuni. Apewe maziwa, alale, kesho aone ziwa. Wa pili alisema: aseme yote, na makabila yatajwe, maana kweli ni kweli. Wa tatu aliuliza kwa nini tunaamua sisi tuliokaa Bunia. Waulizwe watu wa Bogoro, labda wamechoka kusemwa, labda wamechoka kunyamaziwa. Hilo la tatu tuliliona lina nguvu.

Kisha akaongea mmoja wetu ambaye jamaa yake ni wa pale. Alisema, "Mimi nikiwa kiongozi, nitasimamisha watu. Nitawaambia tarehe. Nitawaambia watu walikimbilia shuleni. Nitanyamaza kidogo. Picha, hapana. Nyuma ya hapo nitawaonyesha mahali wanauza maziwa, sababu kijiji kinaishi."

Mwenzetu mwingine, ambaye ndugu zake walikuwa upande ule mwingine wa vita, alikuwa amekaa kimya jioni zote mbili. Akauliza: "Na mimi, mtaniruhusu kuwa kiongozi katika njia hiyo?"

Hakuna aliyejibu upesi. Yeye alizaliwa miaka mingi baada ya 2003, sawa na sisi wote.

Sisi wakubwa wa shule tulizungumza peke yetu nyuma ya hapo, na jibu letu ni ndiyo, lakini si peke yake. Wawe viongozi wawili katika kila kundi, mmoja wa familia za Bogoro na uwandani, mmoja wa vilima vya upande wa pili, nao wafundishwe pamoja, walipwe sawa, walale nyumba moja. Mgeni akiuliza neno gumu, wa Bogoro ajibu kwanza. Wengine wanasema huo ni mpango wa kitoto, kwamba wazee hawatakubali na kwamba mgeni hatafahamu kwa nini viongozi ni wawili. Inawezekana. Lakini hata kule Italia kundi kubwa lina kiongozi wa mbele na mwingine wa nyuma, ili asipotee mtu.

Juu ya pesa tulikubaliana haraka zaidi. Kama kampuni ya mbali ikachukua yote na kuacha Bogoro maganda ya ndizi, njia hiyo isifunguliwe. Kadi ya njia iuzwe pale pale kijijini, na jina la aliyeuza liandikwe.

HALI YA LEO

Hatumwambii mtu yeyote afunge viatu kesho. Mwezi wa tano 2021 serikali iliweka mkoa wetu chini ya utawala wa kijeshi, na mwanafunzi hatembei vilimani kwa sababu amesoma gazeti la shule. Anayetaka kujifunza aanzie hapa mjini, mchana, pamoja na mwalimu wa jiografia, kwa ruhusa ya Bwana Préfet. Jumamosi mbili zijazo tutapima mwendo wetu katika uwanja: mita 100 ni hatua zako ngapi? Kilomita moja unaimaliza kwa dakika ngapi ukiwa na lita tatu za maji mgongoni? Aandike. Tena tutachora ramani ya njia ya siku tatu kwenye ubao mkubwa wa darasa letu, na wale waliozaliwa Kasenyi, Tchomia na vijiji vya kando watuonyeshe kuko kivuli wapi, kuko kisima wapi, na kijito kipi kinakauka Januari.

Maswali ya kujibu kwa karatasi:

Kwa kanuni ya Naismith, njia ya kilomita 15 inayopanda mita 300 inachukua saa ngapi? Utaongeza muda gani kwa joto, na kwa nini?

Eleza kwa mchoro sababu ya upepo kutoka ziwani mchana na kurudi ziwani usiku.

Vijana wa Cinque Terre walipoacha mashamba ya ngazi, njia ilipata hasara gani? Toa mfano wa kijiji unachokijua wewe.

Umesimama Bogoro na wageni kumi na wawili. Andika maneno utakayowaambia, yasizidi mistari mitano.

Majibu yaletwe kwa wakuu wa darasa mbele ya Ijumaa. Kwa swali la mwisho, karatasi isiyo na jina itapokelewa pia.